Filamu imekwisha, kazi ndiyo kwanza inaanza

Septemba 2021, korona ikiwa bado inapanga nani akae wapi, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto lilionyesha Vuta N'Kuvute, filamu ya Mtanzania Amil Shivji. Lilikuwa onyesho lake la kwanza duniani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu ndefu ya Tanzania kupokewa katika tamasha hilo. Wakanada wakakaa saa moja na nusu wakisikiliza Kiswahili cha Unguja ya miaka ya 1950, tafsiri ikipita chini ya picha.

Nyumbani habari ilipokewa kama inavyopokewa habari yoyote ya Mtanzania kung'ara ng'ambo: pongezi, picha, bendera. Kisha ikapita. Lakini kwa mwenye filamu, siku hiyo ndiyo aliyoanza ajira nyingine kabisa, isiyo na kamera ndani yake. Ajira hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu watazamaji wengi hatuioni, na wanaoiona wakati mwingine huidhania starehe.

Hadithi yenyewe, waliopita kidato cha tano na sita hawahitaji kusimuliwa. Riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, imekaa miaka mingi kwenye orodha ya vitabu vya Kiswahili shuleni, kiasi kwamba majina ya Yasmin, Mwajuma na Denge kwa watu wengi yananukia chumba cha mtihani. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa, akamkimbia na kutengwa na jamaa zake. Mwajuma ndiye shoga yake anayempokea. Denge amerudi kutoka masomoni Urusi na siasa ambazo serikali ya mkoloni haikutaka hata kuzisikia zikinong'onwa. Kwenye filamu, Yasmin anachezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma na Siti Amina, mwimbaji ambaye wapenzi wa taarabu walikwishamjua kutoka kundi la Siti and the Band.

Msimu ule Unguja ilikuwa na bahati. Wiki chache baada ya Toronto, tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano, lakini kisiwa kutajwa mara mbili katika kurasa za utamaduni za dunia ndani ya msimu mmoja si jambo la kila mwaka.

Shivji hakuibukia Toronto. Alizaliwa mwaka 1990, ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, na mji huo aliujua tangu akiwa mwanafunzi wa filamu Chuo Kikuu cha York. Aliporudi Dar es Salaam alianzisha Kijiweni Productions, na jina la kampuni halidanganyi, maana filamu zake hukaa pale watu wanapokaa. Shoeshine (2013) ni filamu fupi iliyokaa kwa mpiga viatu rangi. Ikafuata Samaki Mchangani (2014). T-Junction (2017), filamu yake ndefu ya kwanza, ni ya wasichana wawili wanaokutana hospitalini, mmoja akimsimulia mwenzake habari za watu wa njia panda. Ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, mwaka huo. Mwaka 2018 akatoa Wahenga, filamu ya hali halisi kuhusu wanamuziki wa zilipendwa, aliyoiongoza pamoja na Rebecca Corey. Ukiipitia orodha hiyo upesi utadhani huyu ni mtu ambaye kamera haimtoki mkononi. Sivyo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo, kama ya kila mtengenezaji filamu wa kujitegemea, huliwa na barua, fomu, bajeti na kusubiri.

Kujitegemea hapa hakumaanishi kuwa na fedha zako. Kunamaanisha kwamba hakuna studio inayolipa gharama yote na kukupangia mwisho wa hadithi. Fedha zinaokotwa huku na kule: mfuko fulani Ulaya unatoa za kuandika skripti, mwingine unatoa za kushuti, mtayarishaji mwenza wa nchi nyingine analeta za uhariri na sauti. Rotterdam kuna Mfuko wa Hubert Bals, ulioanza mwaka 1988. Berlin kuna mfuko wa sinema ya dunia, tangu 2004. Afrika Kusini kuna Durban FilmMart, soko lililoanza mwaka 2010, ambako mwongozaji hupewa dakika chache kuwaeleza watu wenye fedha filamu ambayo bado haipo. Kila mfuko una tarehe yake ya mwisho, lugha yake ya fomu na namna yake ya kudai risiti. Mtayarishaji mzuri ni yule anayeweza kuzibeba tarehe hizo zote kichwani bila kumchanganya mwongozaji. Vuta N'Kuvute ilimpata mmoja wa aina hiyo, Steven Markovitz wa Big World Cinema, Cape Town. Ndiye pia aliyekuwa mtayarishaji wa Rafiki, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu, nitakayoirudia hapa chini.

Filamu ikishakwisha, inaingia kwenye kalenda ya matamasha. Majahazi yalikuwa yakifuata kaskazi na kusi. Filamu nazo zina pepo zake, na ukikosa upepo unakaa bandarini mwaka mzima. Januari ni Sundance huko Marekani, na Rotterdam. Februari ni Berlin. Kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, mwisho wa Februari, ni FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza mwaka 1969. Mei ni Cannes. Katikati ya mwaka ni Zanzibar na Durban. Agosti ni Locarno, kisha Venice, kisha Toronto Septemba. Carthage ya Tunisia, mkongwe wa matamasha ya Afrika tangu 1966, huja karibu na mwisho wa mwaka, na Amsterdam Novemba kwa filamu za hali halisi.

Orodha ni nzuri, lakini huwezi kwenda kote. Onyesho la kwanza duniani hutolewa mara moja tu. Berlin, Cannes na Venice, katika mashindano yao makuu, hazitaki filamu iliyokwisha kuonyeshwa kwenye tamasha jingine kubwa. Kwa hiyo mwongozaji anayekamilisha filamu Desemba ana uamuzi wa kufanya: aipeleke Berlin sasa, au aifungie kabatini akiisubiri Cannes? Jibu la Cannes huja Aprili. Likiwa hapana, Berlin imepita na fedha za watu bado zinasubiri kurudi. Nimesikia watu wakiwalaumu waongozaji wetu kwamba filamu zao "zinafichwa sana" kabla ya kuletwa nyumbani. Si maringo. Onyesho moja la wazi Dar es Salaam au Nairobi mwezi usiofaa linaweza kuifungia filamu milango kadhaa ng'ambo, na milango hiyo ndiyo iliyoahidiwa kwa waliotoa fedha. Utaratibu huu una ubaya wake, nao ni kwamba watu ambao filamu inawahusu huwekwa mwisho wa foleni. Lakini aliyeutunga si mwongozaji.

Mlango ukishafunguka, zinaanza kazi ndogondogo zisizokwisha. Filamu haisafiri kwenye flashi. Inasafiri kama furushi la kidijitali lenye picha, sauti na maandishi ya tafsiri, likiwa limefungwa kwa ufunguo wa kompyuta unaofungua kwenye projekta fulani tu, kwa siku na saa zilizopangwa. Ufunguo ukitengenezwa kwa saa isiyo ya mji husika, ukumbi umejaa na picha haitoki. Toronto na Durban wanasoma tafsiri ya Kiingereza. Watazamaji wa Ouagadougou na Tunis wengi wanataka Kifaransa, na tafsiri nzuri hulipiwa. Kuna picha za matangazo, wasifu wa mwongozaji wa maneno mia, wa maneno hamsini, wa maneno ishirini na tano. Kuna ada za kuomba, ambazo kwa matamasha mengi ni makumi ya dola kila moja, iwe umechaguliwa au umekataliwa.

Kisha kuna viza. Mwenzako wa Denmark anapopokea barua ya mwaliko anakata tiketi. Mtanzania anapopokea barua hiyo hiyo anaanza kukusanya taarifa za benki. Na kutoka Dar es Salaam kwenda Ouagadougou hakuna ndege ya moja kwa moja. Utazungukia Addis Ababa, au utapelekwa hadi Ulaya na kurudishwa barani ulikotoka. Tamasha likilipa tiketi, hulipa ya mtu mmoja. Mpiga picha, mhariri na waigizaji, ambao ndio waliokesha, hutazama mambo yote kwenye simu.

Wenzetu wa Kenya waliuonja utamu na uchungu wa msimu wa namna hii kwa mkupuo mmoja, mwaka 2018. Februari, Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, katika sehemu ya filamu za watoto. Ni hadithi ya Jo, msichana mdogo mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji chake kinaamua kumtengenezea filamu. Miezi mitatu baadaye Rafiki ya Wanuri Kahiu ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa na Tamasha la Cannes. Lakini wiki mbili hivi kabla ya Cannes, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilikuwa imeipiga marufuku nchini kwa sababu inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Hukumu ya maudhui nawaachia wengine. Mimi natazama kalenda. Ili nchi iweze kuipeleka filamu kushindania Oscar ya filamu ya lugha isiyo Kiingereza, ilitakiwa iwe imeonyeshwa katika jumba la sinema la biashara kwa siku saba mfululizo, na mwisho wa muda ulikuwa 30 Septemba. Kahiu akaenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba, Jaji Wilfrida Okwany akaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Watu wakajaa ukumbi wa Prestige, Nairobi, tiketi zikaisha. Siku saba zikapita, marufuku ikarudi. Kamati ya Kenya nayo ikaichagua Supa Modo kwenda Oscar.

Fikiria mwongozaji aliye katikati ya hayo. Asubuhi yuko na wakili, mchana anazungumza na mwandishi wa habari wa Ufaransa, jioni anajibu maswali ya watazamaji wa Toronto, ambako Rafiki nayo ilionyeshwa Septemba hiyo hiyo. Skripti yake inayofuata ataiandika lini?

Toronto ya 2018 ilikuwa pia na Mnyarwanda Joel Karekezi, aliyekuja na filamu kuhusu askari wawili wa Rwanda waliopotea katika misitu ya Kongo wakati wa vita vya 1998. Kimataifa inajulikana kama The Mercy of the Jungle. Miezi sita baadaye, Machi 2019, FESPACO ilipotimiza miaka hamsini, Karekezi akapewa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo ya juu kabisa, na faranga za CFA milioni 20. Marc Zinga, mwigizaji wake mkuu, akawa mwigizaji bora wa kiume. Wa kike akawa Samantha Mugatsia wa Rafiki. Angela Wamai wa Kenya alipita njia hiyo hiyo: Shimoni ilikuwa Toronto Septemba 2022, na Machi 2023 ikachukua Farasi wa Shaba mjini Ouagadougou. Nadhani ukiwatazama Kahiu, Karekezi na Wamai utaona upepo mkuu wa filamu za ukanda wetu ulikoelekea: Septemba huko Canada, Machi huko Burkina Faso, na katikati yake nusu mwaka wa viwanja vya ndege.

Nusu mwaka huo una faida. Ndipo filamu inapopata wakala wa kuiuza, vituo vya televisheni vinaponunua haki, na mwenye mfuko anapokumbuka sura yako unapomwandikia mara ya pili. Mwongozaji mwenye akili huenda tamashani na filamu moja begani na nyingine mfukoni, kwa sababu anayekupongeza leo ndiye wa kumweleza wazo la kesho. Wasioweza kufanya hivyo, kwa haya au kwa uchovu, hurudi na picha za zulia jekundu na kuanza tena kutoka sifuri. Nimewahi kusikia vijana wa fani hii wakisema wanataka "kupiga matamasha" kana kwamba hiyo ni biashara yenyewe. Si biashara. Matamasha mengi hayalipi chochote kwa onyesho, au hulipa ada ndogo isiyofika hata kwenye gharama ya kuikodi kamera kwa siku chache.

Na yana kodi yake, ambayo ni miaka. Kahiu alitoa From a Whisper mwaka 2008. Filamu yake ndefu ya hadithi iliyofuata, Rafiki, ikatoka 2018. Hakukaa bure katikati, alitengeneza filamu fupi ya Pumzi na mengine, lakini kutoka filamu ndefu moja hadi nyingine ilikuwa miaka kumi. Kwa Shivji, kutoka T-Junction hadi Vuta N'Kuvute ilikuwa minne, na kwa Afrika Mashariki huo ni mwendo wa kasi. Hatuna waongozaji wavivu. Tuna waongozaji wanaofanya kazi ya watu watano: mtunzi, mtafuta fedha, karani wa viza, msemaji na mwalimu wa chuo ili kodi ya nyumba ilipwe.

Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka Vuta N'Kuvute kushindania Oscar. Haikuingia kwenye orodha fupi. Ila mara ya mwisho nchi hii kupeleka filamu ilikuwa 2001, ilipopelekwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Profesa Amandina Lihamba akiwa miongoni mwa waigizaji wake. Miaka zaidi ya ishirini ikapita bila jina, na katika miaka hiyo hiyo Bongo Muvi zilitoka kwa wingi, zikauzwa Kariakoo, zikatazamwa hadi Goma na Bujumbura. Tulikuwa na filamu nyingi na watazamaji wengi. Tulichokosa ni daraja kati ya biashara ile ya haraka na sinema ya namna hii ya polepole, na daraja hilo ni majumba ya kuonyeshea.

Katika Unguja ya miaka ile ya 1950 anayoisimulia Adam Shafi, mtu wa Mji Mkongwe alikuwa na uchaguzi wa kumbi: Majestic, Empire, Sultana. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon na Empress. Watu walivaa, wakapanga foleni, wakarudi nyumbani wakiimba nyimbo za Kihindi. Kumbi hizo zimebaki majina na kuta. Sinema za leo mjini Dar ziko ndani ya maduka makubwa, kama ile ya Mlimani City, na tiketi yake si ya mpiga viatu rangi wala ya muuza mihogo wa njia panda, ambao ndio waliomo kwenye filamu za Shivji. Wao wana kibanda umiza: benchi, televisheni, mpira wa Ulaya, na filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili kwa mtindo uliompa jina msimulizi marehemu Lufufu. ZIFF, kwa sifa yake, imekuwa ikiyatoa maonyesho nje ya Ngome Kongwe na kuyapeleka vijijini Unguja na Pemba. Lakini hiyo ni siku chache kwa mwaka.

Hapa ndipo ninapoona nafasi ambayo tumeiacha. Vuta N'Kuvute, tofauti na filamu nyingi, ina watazamaji waliokwisha kuandaliwa. Miaka na miaka wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameisoma riwaya, wamechambua wahusika wake, wamebishana kama Yasmin alikosea. Wengi hawajawahi kuiona ikitembea kwenye pazia. Shule nyingi za sekondari zina bwalo, na projekta ikikosekana hukodishwa mjini kwa jioni moja.

Basi mwalimu wa Kiswahili unayesoma hapa Jumapili hii, usiisubiri Toronto nyingine. Waandikie wenye filamu, omba ruhusa ya kuionyesha shuleni kwako, na mkubaliane ada. Wanafunzi wachange kidogo kidogo. Msiipakue kwa njia za panya, maana hapo mtakuwa mmemnyang'anya mwongozaji kile kidogo ambacho matamasha yote hayakumpa: malipo kutoka kwa watu wake.